Mwanafunzi wa Kiswahili na Maombi ya Uzamili katika Ukutubi: Funzo kutoka Miswada ya Lamu

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mhitimu wa Kiswahili anavyoweza kuandaa maombi ya shahada ya uzamili katika ukutubi. Miswada ya visiwa vya Lamu imechukuliwa kuwa mfano mkuu. Inadaiwa kuwa ujuzi wa lugha, lahaja na hati ya Kiarabu ni sifa ya kitaaluma ambayo mwombaji anapaswa kuitanguliza, na kwamba maombi hupata uzito yanapojengwa juu ya tatizo halisi la maktaba.

1. Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wanapokaribia kuhitimu, fikra zao aghalabu huelekea kwenye ualimu, uanahabari, uhariri na tafsiri. Ukutubi hutajwa kwa nadra. Hata unapotajwa, wengi huudhania kuwa kazi ya kupanga vitabu rafuni na kuwanyamazisha wasomaji. Dhana hii ni finyu. Mkutubi ndiye anayeamua kitabu kitaitwa kwa jina gani katika orodha, kitawekwa pamoja na vitabu vipi, na msomaji atakitafuta kwa neno lipi. Akikosea, kitabu huwapo rafuni na bado kikawa kimepotea.

Taaluma hii si ngeni katika Afrika Mashariki. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1963 ili kuzihudumia nchi za eneo hili. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha Kitivo cha Sayansi ya Habari mwaka 1988, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza kutoa uzamili katika masomo ya habari mwishoni mwa miaka ya 1990. Milango ipo. Swali ni je, mwanafunzi wa Kiswahili abishe hodi akiwa na nini mkononi? Ili kulijibu, ni vyema kwanza kuitazama hazina moja inayomngoja mkutubi wa aina yake.

2. Hazina ya maandishi ya Lamu

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Majumba yake ya matumbawe, milango yake ya nakshi na vichochoro vyake vinajulikana na wageni wa kila bara. Urithi wa maandishi wa visiwa hivi haujulikani kwa kiasi hicho, ilhali ndio uliowapa wanafunzi wa fasihi sehemu kubwa ya wanayoyasoma darasani.

Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo bin Athumani wa Pate na kuhusishwa na mwaka 1728, ni miongoni mwa kazi kongwe zaidi za fasihi andishi ya Kiswahili zinazojulikana. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inaomboleza kuanguka kwa fahari ya Pate. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858. Mji wa Siyu, ulioko katika kisiwa hicho hicho cha Pate, ulisifika kwa wanazuoni na wanakili wake, na misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono ingali inachunguzwa na wataalamu hadi leo.

Katika mji wa Lamu aliishi Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Huyu alikuwa mshairi, mchonga milango na mnakili stadi. Watafiti wa Kizungu, wakiwamo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimtegemea awapatie nakala za tenzi za kale. Kwa mkono wake, kazi nyingi zilivuka bahari na kufika Uingereza na Ujerumani. Laiti asingezinakili, huenda baadhi yake zisingesomwa leo.

Hasara nayo imeshuhudiwa. Historia ya Pate, ambayo ni kumbukumbu ya watawala wa Kinabahani, inasimuliwa kuwa nakala yake ya asili iliteketea mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji wa Witu. Matini yanayosomwa sasa yanatokana na nakala na masimulizi yaliyokusanywa baadaye, nayo hayakubaliani katika kila jambo. Vita ni adui wa ghafla. Maadui wa kila siku ni unyevu wa bahari, chumvi, mchwa na wino unaokula karatasi. Zaidi ya hao, yupo mrithi asiyeweza kuisoma hati ya babu yake, ambaye hukiona kitabu kuwa makaratasi tu.

3. Miswada iko wapi na nani aifikie?

Miswada iliyosalia imetawanyika. Mingine imo katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika (SOAS) jijini London. Mingine imo Ujerumani, ambako katalogi ya Dammann ilichapishwa mwaka 1993. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mkubwa ambao katalogi yake, iliyoandaliwa na J. W. T. Allen, ilichapishwa mjini Leiden mwaka 1970. Huko Lamu kwenyewe, Msikiti wa Riyadha na chuo chake, vilivyoasisiwa na Habib Swaleh, vina miswada ambayo ilipigwa picha za kidijitali chini ya Mpango wa Hifadhi za Nyaraka Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza. Mingine ingali majumbani, ndani ya masanduku na vidaka, mikononi mwa familia.

Kwa hiyo, kijana wa Siyu anayetaka kuisoma kazi iliyotungwa hatua chache kutoka kwao huenda akalazimika kuanza na katalogi iliyoandikwa ughaibuni. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la miswada ni katalogi, na ubora wa katalogi hutegemea ujuzi wa aliyeiandika. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika.

4. Matatizo manne ya mkutubi wa miswada ya Kiswahili

Tatizo la kwanza ni la majina. Utendi wa Tambuka hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Kijumwa huandikwa vilevile Kijuma. Mshamu huwa Msham, na Abdallah huwa Abdalla. Mkutubi asiyejua kuwa majina mawili ni ya kitu kimoja atayaweka mahali pawili, na msomaji atapata nusu ya anachokitafuta.

Tatizo la pili ni kumtofautisha mtunzi na mnakili. Jina lililoko mwishoni mwa mswada huenda likawa la aliyenakili, wala si la aliyetunga. Anayeisoma tamati kwa makini, akazijua kaida za waandishi wa pwani, atawatenga wawili hao.

Tatizo la tatu ni hati. Katika uandishi wa kale wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi ya be ilibeba sauti za b, p na hata mb. Neno moja liliweza kusomeka bata, pata au mbata. Irabu za i na e zilitumia alama moja, na u na o hali kadhalika. Anayechagua usomaji sahihi huongozwa na muktadha, vina na mizani. Tena lahaja ya Kiamu ina ndia mahali pa njia, mato mahali pa macho na mai mahali pa maji. Msomaji anayetafuta kwa Kiswahili sanifu hatafika asipowekewa daraja.

Tatizo la nne ni uainishaji. Mfumo wa desimali wa Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unatumika katika maktaba nyingi za Kenya. Katika mfumo huo, fasihi ya Kiswahili hupewa namba 896.392, na Uislamu namba 297. Je, utendi wa Mwana Kupona uwekwe wapi? Ni ushairi, ni mafunzo ya dini, na ni malezi ya binti. Rafu hukubali mahali pamoja tu. Mkutubi mwenye ujuzi ataipa kazi namba moja, kisha ataongeza vichwa vya mada ili anayetafuta ushairi, dini au historia ya wanawake aweze kuifikia.

Matatizo haya yote yanahitaji maarifa ya pande mbili. Shule ya ukutubi hufundisha kanuni za kuorodhesha, kuainisha na kuhifadhi. Idara ya Kiswahili hufundisha mizani, lahaja na historia ya fasihi. Ni nadra kumpata mtu mmoja aliye na vyote viwili, na nadra hiyo ndiyo nguvu ya mwombaji.

5. Kuandaa maombi

5.1 Kuchagua programu

Programu za uzamili hazifanani. Baadhi huegemea usimamizi wa maktaba, nyingine teknolojia ya habari, nyingine nyaraka na kumbukumbu. Mwombaji anayekusudia kushughulikia miswada atafute programu yenye masomo ya uorodheshaji, uhifadhi wa nyaraka na maktaba za kidijitali. Aidha, achunguze kama yupo mhadhiri anayeweza kumsimamia, kwani tasnifu isiyo na msimamizi mwafaka huchukua miaka. Anayeomba Marekani ahakikishe kuwa programu imeidhinishwa na Chama cha Maktaba cha Marekani (ALA), kwa sababu waajiri wengi wa huko hulidai jambo hilo.

Vyuo vingi vya Kenya hutarajia mwombaji awe na daraja la pili la juu. Mwenye daraja la chini yake asikate tamaa kabla ya kuyasoma masharti yote, maana baadhi ya vyuo huzingatia pia uzoefu wa kazi. Vilevile, asome kama mhitimu wa fani nyingine hukubaliwa moja kwa moja au hutakiwa kusoma kwanza kozi za msingi.

5.2 Maelezo ya nia

Haya ni maandishi mafupi ambamo mwombaji hueleza kwa nini anataka kusoma programu hiyo. Wengi huyaharibu kwa maneno matamu yasiyo na kiini. Tuchukue mwombaji wa kubuni aliyeandika hivi:

"Tangu utotoni nimependa vitabu mno. Maktaba ni chimbuko la maarifa. Ninaomba nafasi hii ili niendeleze elimu yangu na kulitumikia taifa."

Hakuna uongo hapa, lakini hakuna habari pia. Maneno haya yangeweza kuandikwa na yeyote, popote. Sasa tumchukue mwingine:

"Katika shahada ya kwanza nilisoma ushairi wa kale wa Kiamu na nikajifunza kusoma hati ya Kiarabu. Nilipolinganisha katalogi mbili za miswada, niliona kuwa mnakili mmoja ameandikwa kwa majina mawili na utendi mmoja kwa vichwa viwili. Ninakusudia kuchunguza namna ya kuandaa orodha ya majina itakayomwezesha msomaji wa Lamu kuzifikia nakala zilizotawanyika. Ninaijua lugha, kanuni za uorodheshaji sizijui vya kutosha, na programu hii inazifundisha."

Huyu wa pili ametaja alicho nacho, alichokiona, anachokitaka na anachokikosa. Kukiri upungufu hakujamdhuru. Kumeonyesha kwa nini anahitaji chuo hicho. Kamati inayosoma maombi mengi kwa siku chache itamkumbuka.

Ikumbukwe kuwa programu nyingi za ukutubi, hata za Kenya, hufundishwa kwa Kiingereza, na maombi huandikwa kwa lugha hiyo. Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba msomaji wake anajua utendi ni nini au Kiamu kinasemwa wapi. Kila istilahi ielezwe kwa sentensi moja iliyo wazi.

5.3 Pendekezo la utafiti

Baadhi ya programu hudai pendekezo la utafiti tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni upana wa mada. "Uhifadhi wa miswada ya Kiswahili" ni kazi ya maisha. "Namna watunzi na wanakili wa Lamu walivyotambulishwa katika katalogi tatu za miswada" ni kazi ya miaka miwili. Mada ya pili ina mipaka, ina data inayopatikana, na matokeo yake yanaweza kupimwa. Pendekezo lieleze swali, sababu ya kuliuliza, vyanzo, mbinu na ratiba.

Kipengele cha ruhusa kisisahauliwe. Anayekusudia kufanya utafiti nchini Kenya huhitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Atakayeingia katika hifadhi ya msikiti au nyumba ya mtu huhitaji pia idhini ya wenyewe, na idhini hiyo haipatikani kwa siku moja.

5.4 Warejelewa, uzoefu na hati

Warejelewa ni watu watakaoandika barua za kumpendekeza mwombaji. Mhadhiri anayemjua mwanafunzi kwa kazi yake anafaa kuliko mwenye cheo kikubwa asiyemkumbuka. Apewe muda wa majuma kadhaa, pamoja na nakala ya maelezo ya nia na tasnifu ya mwombaji, ili barua yake iafikiane na maombi.

Kuhusu uzoefu, mwanafunzi asingoje aajiriwe. Idara nyingi za Kiswahili zina tasnifu za wahitimu zilizorundikwa kabatini bila orodha. Kuziorodhesha hata 50 kwa jina la mwandishi, kichwa, mwaka na mada ni kazi ya ukutubi kamili, nayo itamfaa mwombaji na idara pia. Kujitolea katika maktaba ya shule au tawi la Huduma ya Maktaba za Taifa la Kenya kuna manufaa hayo hayo. Huduma hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ndiyo iliyoanza mwaka 1996 kuwapelekea vitabu wafugaji wa kaskazini mashariki kwa ngamia. Mfano huo humfunza mwanafunzi kuwa maktaba humfuata msomaji alipo.

Hatimaye kuna hati zenyewe: vyeti, nakala rasmi ya matokeo, wasifukazi na stakabadhi ya ada ya maombi. Mwombaji aliye kisiwani azingatie umbali. Kutoka Lamu ni mashua hadi Mokowe, kisha basi la saa nyingi hadi Mombasa, na safari bado ni ndefu kufika Nairobi au Eldoret. Hati inayohitaji muhuri wa chuo iombwe mapema. Kuhusu karo, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, na mipango ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola ni miongoni mwa mahali pa kuanzia. Aghalabu maombi ya ufadhili hufungwa kabla ya yale ya masomo. Anayengoja kukubaliwa kwanza hukuta mlango umefungwa.

6. Suala la maadili

Mwombaji anayezungumzia miswada ya Lamu atakabiliwa na swali moja gumu: kitabu ni cha nani? Baadhi ya miswada ni wakfu, yaani iliwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini na haiuzwi. Mingine ni urithi wa familia ambayo haikupata kuulizwa picha zake zitumikeje. Historia ya nakala zilizosafiri kwenda ughaibuni imewafanya wenyeji kuwa na tahadhari, na wana haki.

Mpango wa Maktaba ya Uingereza uliotajwa hapo juu huziacha nakala za asili nchini mwake na kuhifadhi picha tu. Hii ni hatua njema. Hata hivyo, picha nazo zahitaji ulinzi. Mnamo Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa kupitia mitandao ya kompyuta, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa muda mrefu. Funzo ni bayana: nakala iliyo mbali, hata kama imehifadhiwa na taasisi tajiri, haitoshi. Nakala nyingine ibaki nyumbani, pamoja na mtu anayejua kuifungua, kuisoma na kuieleza. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inadhibiti utoaji wa vitu vya kale nchini Kenya, lakini sheria haiwezi kukausha unyevu wala kufasiri tamati ya mswada. Hayo yanataka wataalamu waliofunzwa.

Mwombaji anayegusia suala hili katika maelezo yake huonyesha kuwa ameitafakari kazi kupita cheti. Aeleze atakavyowashirikisha wenye miswada, atakavyotaja majina yao kwa ridhaa yao, na nakala ya kazi yake itabaki wapi.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa ukutubi ni uwanja halali wa mwanafunzi wa Kiswahili, na kwamba anaingia akiwa na mtaji. Anajua lahaja, anajua vina na mizani, na akijifunza hati ya Kiarabu ataweza kuisoma hazina ambayo wakutubi wengi huitazama tu. Kinachosalia ni kuyageuza maarifa hayo kuwa maombi yenye tatizo mahususi, swali lenye mipaka, warejelewa wanaomjua, na hati zilizotimia kwa wakati.

Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viandae mafunzo mafupi ya kusoma hati ya Kiarabu, na kwamba kila idara ianze kuorodhesha tasnifu zake kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Kijumwa alinakili kwa kalamu ya mwanzi ili tenzi zisife pamoja na waliozihifadhi. Kizazi hiki kina kompyuta na shule za ukutubi. Masanduku ya Pate, Siyu na Lamu yangali na vitabu visivyo katika orodha yoyote, na kila msimu wa mvua unaopita hupunguza kurasa zinazosomeka.